Majani ya Bibi wa Ng'ambo ya Kilima

Kila mwaka majira ya kuchipua yalipoingia, viwavi wa hariri walitunyang'anya kitanda. Nyumba yetu ilikuwa na chumba kimoja tu kisichovuja, na viwavi hawapatani na unyevu. Basi Mama alikunja matandiko, akasimamisha vichanja vya mianzi mpaka karibu na paa, akapanga nyungo zake juu ya vichanja, na sisi tukahamia jikoni kulala kwenye mabua ya mpunga. Sikuona ajabu. Huku kwetu, kwenye vilima vya kaskazini mwa Sichuan, watoto wote walihamia jikoni wakati huo. Tuligombania tu nani alale upande wa jiko.

Tulikuwa wawili. Dada yangu aliitwa Qiongxiu, naye alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mimi nilikuwa na minane, na kila mtu aliniita Yaomei, jina wanaloitwa vitinda mimba wa kike wa kwetu. Nilikuwa na jina langu rasmi, lakini lilikaa shuleni.

Majira ya baridi yaliyotangulia, jiwe lilikuwa limemwangukia Baba nyongani huko machimboni. Hakufa, lakini kazi za nguvu zilimwisha siku hiyohiyo. Akawa mtu wa kukaa kwenye kigoda mlangoni, akisuka matenga na nyungo, akiwatishia kuku kwa fimbo yake. Tumbaku aliipenda mno, na kwa kuwa moshi wake huwadhuru viwavi, Mama alimwamuru akavutie bandani kwa nguruwe.

"Nguruwe mwenyewe anakohoa," Baba alisema. "Ananiangalia kama vile ndiye niliyemwoa."

"Afadhali akohoe nguruwe," Mama akamjibu. "Nguruwe hatatununulia chumvi mwezi huu."

Baada ya mwaka mpya, siku moja kabla shule hazijafunguliwa, Mama alimwambia Dada, "Qiongxiu, muhula huu utakaa nyumbani."

Dada alikuwa anakata viazi vitamu vya nguruwe. Hakuinua kichwa. "Muhula huu tu?"

"Tutaona."

Akaendelea kukata. Vipande vikawa vyembamba, vikazidi kuwa vyembamba, mpaka Mama akamwambia kwa sauti ya chini kwamba nguruwe hana haja ya uungwana wote huo. Jioni ile Dada alinipa mfuko wake wa shule, ule ulioshonwa kwa viraka vya rangi tofauti. "Usiuburute chini," alisema.

Hatukuiita kazi ya watoto. Iliitwa kazi tu, na kila mkono uliokuwepo ulikuwa na sehemu yake. Alfajiri tulitoka mimi na Dada kwenda kuchuma majani ya miforsadi iliyoota kwenye kingo za mashamba, chakula pekee cha viwavi wa hariri. Yeye alipanda juu, mimi nikakusanya chini. Baadaye nilikimbilia shule, naye akajitwika tenga mgongoni na kurudi nyumbani, na siku yake ndiyo kwanza ilikuwa inaanza: maji, nguruwe, kuni, majani tena. Viwavi wakila jani lililolowa huharisha na kufa, kwa hiyo kila jani lenye umande au tone la mvua lilifutwa kwa kitambaa, moja moja, mbele na nyuma. Nikirudi shule nilikaa naye tukafuta pamoja.

"Leo mmesoma nini?" alikuwa akiniuliza kila siku.

"Tumesoma habari za kunguru."

"Kunguru amefanya nini?"

"Alikuwa na kiu."

"Halafu?"

"Halafu kengele ikalia."

"Yaomei! Kunguru hakunywa?"

"Labda atakunywa kesho."

Alinipiga kwa kile kitambaa, tukacheka, kisha akaniambia nichovye kidole majini niandike herufi za siku hiyo kwenye ubao wa mlango. Nilipokosea alinisahihisha, ingawa hakuwa na kitabu mbele yake. Alisema herufi fulani "haikai vizuri," kama vile alikuwa anazungumza juu ya kigoda.

Mwaka ule viwavi walikua vizuri kuliko mwaka wowote niliokumbuka. Kiwavi hulala mara kadhaa kabla ya kukomaa, na kila akiamka amekuwa mkubwa zaidi na njaa yake nayo imekua. Akiamka kutoka usingizi wa mwisho, hapo ndipo mtu hujua taabu. Huwa mnene kama kidole, mweupe, baridi ukimgusa, na hula bila kupumzika. Nyumba nzima ilijaa sauti ya kula kwao, mfano wa mvua ndogo juu ya paa la nyasi. Mama alikuwa akisimama kati ya vichanja akisikiliza, na uso wake ukalainika. Safari hii, alisema, tukiuza hariri yao tutalitengeneza paa.

Hapo ndipo mvua ya mawe ikaja.

Ilikuja alasiri, haikudumu hata muda wa kupika wali. Ilipokwisha tulitoka nje tukakuta miforsadi yetu imesimama na vijiti vitupu, majani yamechanwachanwa na kutapakaa kwenye matope. Ya jirani vilevile, na ya jirani wa pili. Mama alienda huku na huku kijijini na tenga tupu, na kila alikofika aliwakuta watu nao wanatoka na matenga matupu.

Mama Luo, jirani yetu, alisimama uani kwake akiwamwaga viwavi wake bwawani ungo baada ya ungo. Bata walikuwa wameshashiba.

"Usinitazame hivyo," alimwambia Mama. "Afadhali wafe mara moja kuliko niwasikie wakilia njaa."

"Viwavi hawalii."

"Wako watalia kesho. Utawasikia."

Tulikusanya kilichokuwa bado kijani kwenye matope, tukakiosha, tukakifuta, tukawapa. Kiliisha kabla ya jua kuzama. Tulipokuwa tunakula uji wetu wa mahindi, Dada aliweka bakuli chini.

"Bibi ana miforsadi," alisema.

Baba aliacha kula. Mimi nikamtazama Mama, kwa maana katika nyumba yetu huyo bibi hakutajwa kamwe. Alikuwa mama yake Mama, na aliishi ng'ambo ya kilima. Tulichojua tulikipata kwa majirani: kwamba Mama alikuwa amechumbiwa na mtoto wa fundi vigae, mtu mwenye tanuri lake, kwamba akamkataa na kumfuata Baba ambaye hakuwa na kitu ila mabega, na kwamba Bibi alisimama mlangoni akamwambia, ukivuka kizingiti hiki usirudi. Mama alivuka. Hilo lilitokea kabla Dada hajazaliwa, na tangu hapo hakuna aliyeukanyaga uwanja wa mwenzake.

"Nani amekwambia ana miforsadi?" Mama aliuliza.

"Wauza nguruwe. Wanasema upande ule mvua ya mawe haikufika."

"Kula uji wako."

"Mama, wakikosa majani kesho..."

"Qiongxiu! Nimesema kula."

Akala. Lakini asubuhi, kiza kilipoanza kupungua, nilimhisi akitoka kwenye mabua. Nilishika upindo wa shati lake.

"Rudi ulale," alinong'ona.

"Nikibaki nitasema."

Alinitazama kidogo, kisha akanitupia tenga dogo.

Njia ya kupanda kilima ilikuwa imejaa mawe na maji yaliyokuwa bado yanatiririka. Dada hakuwa amewahi kufika kwa Bibi; alijua tu kwamba nyumba ni ya mwisho, ukishapita daraja la mawe. Tulipofika mgongoni mwa kilima tulisimama. Nyuma yetu kila kitu kilikuwa cha rangi ya udongo. Mbele yetu bonde zima lilikuwa kijani, limetulia, kana kwamba lilikuwa nchi nyingine.

"Ukiulizwa, nyamaza," Dada aliniambia. "Mimi ndiye nitakayesema."

"Utasema nini?"

"Sijui bado."

Bibi tulimkuta uani anachambua maharage kwenye ungo. Alikuwa mdogo wa umbo, mkavu, amejifunga kitambaa cheupe kichwani kama wazee wengi wa kwetu, na macho yake yalikuwa makali. Miforsadi ilikuwa nyuma ya nyumba yake, mikubwa na ya zamani, majani mapana kama viganja vya mtu mzima.

"Mnauza nini?" alituuliza bila kusimama.

"Hatuuzi, Bibi. Tumekuja kuomba majani."

"Majani yangu si ya kuomba. Kijiji chote cha bondeni kinayataka. Nyie watoto wa wapi?"

"Wa ng'ambo ya kilima."

Mikono yake ilisimama juu ya maharage. "Ng'ambo ya kilima kuna watu wengi."

"Sisi ni watoto wa Pu Dengke," Dada alisema. Hilo ndilo jina la Baba. "Mama hajui kama tumekuja. Alitukataza hata kukutaja. Mvua ya mawe imeyamaliza majani yote, na viwavi wameamka usingizi wa mwisho. Kama hutaki kutupa, sema, tutarudi mapema, kwa sababu nguruwe bado hajala."

Alisema yote hayo kwa pumzi moja. Mimi nilijificha nyuma yake nikahesabu kuku wa Bibi ili nisilie.

Bibi alimtazama Dada, kisha akanitazama mimi, kisha akamrudia Dada. Hatimaye alisema, kwa sauti ya mtu aliyekasirishwa na jambo lisilotuhusu, "Mmekula?"

"Tumekula," Dada alijibu.

"Hatujala," nikasema mimi.

"Huyu mdogo ndiye mwenye akili. Ingieni."

Alitupikia mayai kwenye maji ya sukari, chakula cha mgeni wa heshima. Nilikuwa nimewahi kukiona kikipelekwa kwa mshenga kijijini kwetu, sikuwahi kukionja. Mayai mawili katika kila bakuli. Mimi yangu niliyamaliza kabla hayajapoa. Dada alikula moja, akasukuma bakuli.

"Mbona unaacha?"

"Nimeshiba, Bibi."

"Umeshiba nini, upepo wa njiani?"

"Nilifikiri... kama una kibakuli chenye kifuniko, nimpelekee Baba. Mgonjwa."

Bibi aliinuka, akaenda kuchochea jiko lisilohitaji kuchochewa, akakaa huko kidogo ametupa mgongo. Aliporudi alisimama nyuma ya Dada na kuuvuta ukosi wa shati lake chini. Kamba za tenga zilikuwa zimemwachia Dada michirizi mabegani, mingine ya zamani iliyogeuka myeusi, mingine mibichi. Mimi niliiona kila siku. Siku ile, kwa sababu Bibi alikuwa anaitazama, nikaiona upya.

"Darasa la ngapi?" Bibi aliuliza.

"Nimeacha. Kwa muda."

"Nani amekwambia ni kwa muda?"

"Mimi mwenyewe."

Bibi alirudisha ukosi mahali pake, akaupigapiga kwa kiganja kama mtu anayelaza kitambaa. "Kula yai lako," alisema. "La baba yako nitalichemsha jingine."

Tulichuma majani wote watatu. Bibi alileta ngazi, lakini Dada alikuwa ameshafika juu, na Bibi akawa anamkemea toka chini: tawi lile bovu, mguu huo hapo, unafikiri wewe ni kima? Matenga yalipojaa alitafuta matambara mawili, akayakunja na kuyafunga kwenye kamba za tenga la Dada mahali zinapokaa mabegani. Kisha akafunga mlango wake, akajitwika tenga la tatu, kubwa kuliko ya kwetu yote.

"Unakwenda wapi, Bibi?" niliuliza.

"Majani ni yangu. Nataka kuona yanaliwa na nani."

Alipanda kile kilima akihema, akikataa kushikwa mkono. Mgongoni mwa kilima alisimama akatazama upande wetu, ile rangi ya udongo, akasema tu, "Masikini," na sikujua anasema miti au watu.

Tulipokaribia nyumbani tulimwona Mama bwawani. Nyungo mbili zilikuwa tupu miguuni pake, na wa tatu alikuwa ameushika mikononi hajaumwaga. Bata walikuwa wanapiga kelele. Aliona majani kwanza. Kisha akaona ni nani aliyeyabeba, na ungo ukamwinama mikononi, viwavi wachache wakaanguka majanini.

"Okota," Bibi alimwambia. "Wale ni hai."

Mama akachutama akaokota. Mimi na Dada tukatua matenga tukamsaidia. Bibi hakungoja. Alivuka uwanja wetu, akavuka kizingiti chetu. Baba alikuwa ameng'ang'ania fimbo na fremu ya mlango akijaribu kusimama sawasawa.

"Mama, karibu," alimwambia. "Karibu sana. Yaomei, leta kigoda."

"Kaa chini wewe, utaanguka," Bibi akamwambia. Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwa mkwewe, na Baba aliyapokea kama zawadi, akakaa palepale.

Chumbani, Bibi alipita kati ya vichanja, akigusa huyu na yule kwa mgongo wa kidole. "Umewasogeza mno ukutani. Ukuta umelowa. Hivi ndivyo nilivyokufundisha?"

"Sina pa kuwasogeza," Mama alisema toka mlangoni.

"Na nyinyi mnalala wapi?"

Bibi alichungulia jikoni, akaona mabua, akaona blanketi letu moja. Kisha akakaa hapohapo juu ya mabua, akavuta tenga, akachukua kitambaa, akaanza kufuta majani. Mama alisimama kidogo, naye akakaa upande wa pili wa tenga. Hawakutazamana. Sisi tukawa tunachukua majani yaliyofutwa na kuyatandaza juu ya nyungo, na taratibu ile sauti ikaanza tena, kichanja hiki, kisha kile, mpaka chumba chote kikajaa.

"Uliniambia nisirudi," Mama alisema.

"Nilikwambia usirudi," Bibi alikubali. Alifuta jani moja, akaliweka, akachukua jingine. "Sikusema mimi nisije. Nimekuwa mpumbavu miaka yote hii, nikisubiri uvunje neno ambalo nilitakiwa kulivunja mwenyewe."

Mama aliinamia tenga, na machozi yakaanza kumdondoka. Bibi akasogeza majani pembeni.

"Lia huku," alisema. "Ukiyalowesha haya, itabidi niyafute tena."

Mama akacheka akilia. Sikuwa nimewahi kumsikia akifanya yote mawili kwa pamoja.

Dada alikuwa amelala. Hatukumwona alivyolala, alikuwa anasubiri majani, ameegemea nguzo ya mlango, na ungo mtupu mapajani. Mama aliinuka akamwondolea ungo, akambeba mikononi, mtoto mkubwa vile, miguu inaning'inia, akamlaza kwenye mabua na kichwa chake kwenye paja la Bibi. Bibi aliendelea kufuta majani juu ya kichwa chake, taratibu, asimguse kwa kiwiko.

Bibi alikaa kwetu mpaka viwavi wakaacha kula na kuanza kusokota. Kila siku mimi na Dada tulivuka kilima, na siku nyingine Mama mwenyewe alikwenda. Wale wa bwawani hawakurudi, bila shaka, na mavuno yakawa pungufu ya tulivyotarajia. Paa lilitengenezwa upande mmoja tu. Lakini nyumba ya Mama Luo haikuvuna kitu kabisa, na Bibi alimpelekea bakuli la mayai, akagombana naye mlangoni kwa sababu alikataa kulipokea, akaliacha kwenye kizingiti.

Kabla ya kuondoka alizungumza na Mama juu ya Dada. Tuliwasikia toka bandani.

"Huyu mtoto arudi shule."

"Na kazi atafanya nani, Mama? Mume wangu unamwona."

"Mimi nina miguu. Nitakuja majira ya viwavi. Na wewe lete nyungo nusu kwangu, kule kukavu. Usinijibu, nimeshafikiri."

"Unanipangia nyumba yangu."

"Ndiyo. Nimechelewa sana kuipanga."

Vuli ilipoingia, Dada alirudi shule. Kwa kuwa alipitwa na muhula mzima, mwalimu alimrudisha darasa nyuma, tena shule yetu ilikuwa na chumba kimoja na madawati machache, hivyo tukakaa benchi moja na wanafunzi wa umri wangu, magoti yake yakigonga ubao wa dawati. Siku ya kwanza wavulana wa nyuma walimwita shangazi. "Shangazi, umekuja kumchukua mtoto?" Dada aligeuka. "Nimekuja kukufundisha kufuta kamasi," alisema, na darasa likaangua kicheko.

Mwalimu alimwita asome. Alisimama, akashika kitabu kwa mikono miwili. Kisha akasoma mstari wa kwanza polepole, wa pili haraka zaidi, akaendelea kupita mahali alipoambiwa aishie, mpaka mwisho wa ukurasa, na mwalimu hakumkatiza.

Mchana tulirudi nyumbani kwa njia ya mtoni. Nguruwe alikuwa anasubiri, kwa hiyo tulivua mashati yetu mazuri, tukayatundika kwenye kichaka, tukaanza kukata majani yake. Dada alikuwa anakata na kurudia ule ukurasa kwa sauti, bila kukosea, akinitupia mafungu ya majani miguuni.

"Funga haya," aliniambia. "Halafu nikuulize maswali."